Kuomba Huruma au Kueleza Maisha? Lugha ya Mshtakiwa Kabla ya Adhabu

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili huijua sentensi hii hata kabla hajaifikia: alipotakiwa kujitetea, mshtakiwa aliiomba mahakama impunguzie adhabu kwa kuwa hilo ni kosa lake la kwanza na ana familia inayomtegemea. Hukaa mwishoni mwa habari, baina ya hatia na idadi ya miaka ya kifungo, na aghalabu haibadiliki, iwe kesi ni ya wizi wa kuku au ya kuua. Makala haya yanadai kwamba ufanano huo hautokani na uvivu wa waandishi wa habari peke yao. Ni dalili kwamba Kiswahili cha mahakamani kimekichukulia kipindi hicho kuwa ni cha kuomba, ilhali sheria, hasa nchini Kenya tangu mwaka 2017, inakitaka kiwe kipindi cha kueleza.

Vitenzi vyenyewe vinastahili kuchunguzwa. Katika *kujitetea*, kiambishi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, ambaye utetezi wake umesikilizwa na kukataliwa, huambiwa ajitetee tena, peke yake na papo kwa papo. Katika *kupunguziwa*, usababishi, utendea na utendwa vimerundikwa juu ya mzizi mmoja, na tokeo lake ni kumfanya mshtakiwa mpokeaji tu wa jambo linalotendwa na mwingine. Anayepunguziwa hupewa hisani. Sarufi hiyo haina nafasi ya mtu wa tatu aliyekwenda kijijini, akauliza, akaandika, kisha akaja kueleza.

Nchini Marekani mtu huyo wa tatu yupo, na kazi yake imetokana na kesi za hukumu ya kifo. Mwaka 1976, katika shauri la Woodson, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa sheria iliyolazimisha adhabu ya kifo kwa kila aliyetiwa hatiani kwa kosa fulani la kuua. Mwaka 1978, katika shauri la Lockett, ikaamua kwamba mtoa adhabu hawezi kuzuiwa kuzingatia tabia na historia ya mtu. Kutokana na maamuzi hayo kilizaliwa cheo kinachoweza kuitwa mtafiti wa maisha ya mshtakiwa. Miongozo ya Chama cha Mawakili cha Marekani, iliyorekebishwa mwaka 2003, inautaka utetezi katika kesi hizo uwe na mawakili wasiopungua wawili, mpelelezi mmoja na mtafiti wa namna hiyo mmoja. Wengi wao hutoka katika ustawi wa jamii, na wengine katika saikolojia, anthropolojia au uandishi wa habari. Huanza kazi kabla ya kesi kusikilizwa. Hukutana na mshtakiwa mara nyingi, maana hakuna anayesimulia aibu ya utotoni katika mazungumzo ya kwanza; humtafuta mama, mwalimu na jirani, mmoja mmoja na ana kwa ana; hukusanya kumbukumbu za shule na hospitali, za mshtakiwa na za wazazi, babu na ndugu zake. Mwaka huohuo wa 2003, katika shauri la Wiggins, adhabu ya kifo ilitenguliwa kwa sababu mawakili waliishia kwenye nyaraka chache tu, na juri halikupata kusikia habari za njaa, mateso na kuhamishwa nyumba kwa nyumba katika utoto wa mshtakiwa.

Hayo yasingehusu sana Afrika Mashariki kama sheria ingebaki ilivyokuwa. Pale ambapo adhabu ni moja tu kwa kila muuaji, maelezo ya maisha yake hayana kazi. Lakini mwaka 2009, katika shauri la Kigula, Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataa ulazima wa adhabu ya kifo; mwaka 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ikafanya vivyo hivyo kuhusu kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, na mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ni wa makosa ya kuua kwa kukusudia pekee. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliona kwamba ulazima wa aina hiyo katika sheria ya Tanzania unakiuka haki ya kuishi. Miongoni mwa mambo ambayo mahakama ya Kenya iliyataja kuwa ya kuzingatiwa ni umri, tabia na kumbukumbu za nyuma, majuto, na uwezekano wa kurekebika. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuthibitishwa kwa kuomba.

Hapa ndipo suala linapokuwa la kiisimu. Mshtakiwa akisema "shetani alinipitia", mkalimani mwaminifu wa maneno huandikisha kwamba anamlaumu shetani, na hakimu anayesoma kumbukumbu kwa Kiingereza anaweza kuona mtu asiyejutia kosa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hiyo ni njia ya kawaida kabisa ya kukiri na kujuta kwa pamoja. Mama akisema mwanawe "alikuwa akianguka" utotoni, Mswahili husikia kifafa. Tafsiri sisisi huonyesha mtoto aliyejikwaa. Na "nililelewa na bibi"? Mbali na kwamba kwa Wakenya wengi bibi ni mke, na aliyekusudiwa wangemwita nyanya, maneno hayo matatu huwa ni pazia. Nyuma yake mna mama aliyekufa, au aliyefukuzwa, au baba aliyekuwa akipiga. Adabu ya Kiswahili huyasitiri hayo, na msemaji huamini kwamba ameshasema. Mtafiti mwenye ujuzi ndipo angeanza kuuliza.

Itadaiwa kwamba tatizo ni ukalimani, na kwamba sheria ya Tanzania ya mwaka 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, imekwisha kulitatua. Imelipunguza, na ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, sentensi iliyonukuliwa mwanzoni ni ya Kiswahili, imesemwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiswahili.

Istilahi nayo ina lawama. *Maombi ya huruma* hulitia suala zima katika mlango wa sadaka. *Kuhafifisha* kungefaa, lakini kitenzi hicho hubeba pia maana ya kudunisha, na ndugu wa marehemu wangesikia kosa likihafifishwa badala ya adhabu. *Tahafifu* inanukia bei za dukani. Yamkini *maelezo ya maisha* yatosha kwa sasa, kwa kuwa yanataja kinacholetwa mahakamani na si kinachoombwa.

Pingamizi zito zaidi ni la wafiwa: kwa nini mahakama isimuliwe utoto wa aliyeua, ilhali aliyeuawa hasimulii tena? Halijibiki kwa nadharia. Kenya ilitunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa mwaka 2014 ili nao wasikike, na haki hiyo haipungui mshtakiwa anapoelezwa kwa ukamilifu. Bali maelezo yaliyochunguzwa yanaweza kuhojiwa na kukanushwa, machozi hayahojiki.

Kuhusu gharama, haitarajiwi kwamba kila wilaya itapata mtafiti wa namna ya Marekani. Maafisa wa probesheni tayari huandika ripoti kwa mahakama, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017. Wanachokosa ni mafunzo ya kuhoji kwa Kiswahili cha nyumbani. Idara za Kiswahili, ambazo kwa miaka mingi zimetuma wanafunzi kukusanya tenzi na misamiati ya lahaja, zina ujuzi huo hasa: kukaa na mzee barazani, kungoja, kuuliza tena, na kuandika alivyosema. Kazi ya kwanza ingekuwa kukusanya misemo ambayo watu huitumia kutaja maradhi ya akili, vipigo na utelekezwaji bila kuvitaja, mkoa kwa mkoa, na kuiwasilisha kwa wakalimani, mahakimu na maafisa wa probesheni pamoja na maana zake.