Ruta ya mbao, beringi na kosa langu la miguu minne

Leo tuweke kompyuta kando kidogo. Nikisema ruta, sina maana ya kile kisanduku cha intaneti. Nasema ile mashine ya seremala inayozungusha kisu, mizunguko kama 10,000 hadi 30,000 kwa dakika, kuchonga ukingo wa mbao.

Visu vingine vya ruta vina beringi ndogo, ama kwenye ncha ama upande unaoingia kwenye mashine. Kisu kinakata, beringi inaegemea kiolezo na kukifuata. Kipenyo cha beringi kikiwa sawa na cha kisu, mbao inatoka sawasawa na kiolezo. Beringi ikiwa ndogo, kisu kinaingia ndani zaidi: toa kipenyo cha beringi kwenye kipenyo cha kisu, kisha gawa kwa mbili. Kisu cha milimita 32 na beringi ya milimita 12 vinakupa kina cha milimita 10.

Wengi huambiwa wanunue kisu ghali ndipo kazi itoke safi. Mimi sikubaliani. Niliwahi kutengeneza meza ya kompyuta yenye miguu minne iliyopinda, mbao ya mvule. Kiolezo nilikikata kwa plaiwudi haraka haraka, na msumeno ukaacha kinundu kidogo kama punje ya mchele. Nilikiona, nikasema msasa utamaliza baadaye. Kumbe! Beringi ilikipanda kinundu kile kwa utiifu, kuanzia mguu wa kwanza hadi wa nne. Kwenye plaiwudi ningekiondoa kwa dakika mbili. Kwenye mvule vinundu vinne vilinila Jumamosi nzima.

Sisi waandika programu tulipaswa kulijua jambo hili. Fanksheni yenye kosa ukiiita mara nne, unapata kosa mara nne, na kompyuta wala haitakuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usione uchungu kutumia nusu ya muda wako kwenye kiolezo. Fumba macho upitishe kidole ukingoni, maana kidole huhisi kile ambacho jicho limekosa. Kata mbao kwa msumeno kwanza, ubakishe kama milimita 2 tu za kuchongwa. Ukiishika ruta mkononi, zunguka ukingo wa nje kinyume na mwendo wa saa, la sivyo mashine inaweza kukuvuta ghafla, na hapo vidole viko hatarini. Kabla ya kuanza, chomoa plagi uizungushe beringi kwa mkono. Ikiwa imekwama kwa utomvu au vumbi, itazunguka pamoja na kisu na kuunguza ukingo inaouegemea.

Ile meza ninaitumia hadi leo. Mguu mmoja bado una alama, nimeuelekeza ukutani wageni wasiuone.

Haya, kazi njema.