Kulifukuza Jua Hadi Magharibi
Wanaotoka Khayega, Kenya, kwenda Minneapolis au Toronto huagwa kwa nasaha tele kuhusu baridi, lakini usingizi hautajwi. Ukipanda ndege ya mchana kutoka Nairobi hadi London, kisha nyingine ya mchana kuvuka Atlantiki, unalifukuza jua, na siku inagoma kwisha. Sisi wa Khayega, ambako jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, hatukuzoea mchezo huo. Afadhali kidogo, kwa kuwa saa ya mwili kwa watu wengi huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ndiyo maana kwenda magharibi kunasumbua kidogo kuliko kurudi. Kazi ni jioni ya kwanza. Ukikaribishwa ugali saa kumi na moja jioni Minneapolis, mwili unahesabu saa saba usiku, na kochi la mwenyeji linakuita kwa jina. Likatae. Toka nje utembee kwenye mwanga, maana mwanga wa jioni ndio unaoichelewesha saa ya mwili. Kahawa isaidie mapema, si usiku. Hata hivyo utazinduka saa tisa usiku, macho makavu, njaa ya mchana tumboni. Basi hapo mpigie mama simu. Khayega ni saa tano asubuhi, na yeye ndiye atakayeuliza mbona hujalala.