Mwenye Kumalizia Wimbo Aonyeshe Kiungo

Imezuka kauli miongoni mwa wapenzi wa muziki kwamba wimbo wa kale uliobaki nusu ni mfano wa kiwanja cha mahame: atakayeufikia kwanza na mitambo yake ndiye mwenye haki ya kuujenga. Kauli hii ni tamu masikioni, kwa kuwa inajivika joho la uokozi. Ndani yake, hata hivyo, mna dhulma, na inafaa isemwe wazi.

Na ichukuliwe Berega, huko Kilosa mkoani Morogoro, katika nchi ya Wakaguru. Huko, kama ilivyokuwa Unguja, mwali hufundwa kwa nyimbo. Maneno yake huwa machache. Mwimbishaji hutoa, waitikiaji hupokea, na mafumbo hufumbuliwa na wakubwa mbele ya mwali, si mbele ya kila mpita njia. Sasa na ikadiriwe kwamba mtu alitega kaseti uwanjani, na utepe ukaisha mama mwimbishaji akiwa bado yu katikati. Miaka mingi baadaye utepe huo unamfikia mtayarishaji wa mjini. Anasikia mishororo minne na mwangwi wa waitikiaji, kisha anatoa hukumu: wimbo huu haujakamilika. Anatia kinanda, anatia ngoma za mashine, anaongeza beti mbili za mapenzi, na kuutoa kwa jina lake. Ni kipi basi kilichokatika, wimbo au utepe?

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jawabu. Siti binti Saad aliporekodi huko Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua dakika tatu hivi. Mwimbaji aliyezoea kuimba usiku kucha alilazimika kujibana ndani ya muda huo. Upungufu ulikuwa wa chombo, haukuwa wa Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, naye alikuwa bingwa wa unyago na wa taarabu pia. Alizichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa namna yake, lakini aliziimba kwa sauti yake mwenyewe, na hakuficha ni nani aliyemtangulia. Hakumtia Siti maneno kinywani.

Watetezi wa studio watasema: je, wimbo uachwe uoze ndani ya kaseti? Hapana. Kuendeleza kazi ya aliyetangulia si kosa, na ushairi wa Pwani una kanuni ya jambo hilo tangu zamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alizitwaa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo akazitungia takhmisi. Kila mishororo miwili ya kale aliitangulizia mitatu yake, ikawa mitano. Ile miwili ilibaki mahali pake, na ajuaye mpango wa takhmisi ataonyesha kwa kidole wapi anakoma Sayyid na wapi anaanza Liyongo. Hiyo ndiyo adabu: la kale lisifutwe, jipya lijulikane kuwa ni jipya, na mwenye asili atajwe.

Kwa kipimo hicho na ipimwe hata kazi iliyoshangiliwa duniani kote. Mnamo Novemba 2023 ulitolewa wimbo wa The Beatles uitwao Now and Then, uliotokana na kaseti aliyoirekodi John Lennon nyumbani kwake New York katika miaka ya 1970. Lennon aliuawa mwaka 1980. Kompyuta ilifundishwa kuitenga sauti yake na piano iliyokuwa ikiifunika, na wenziwe wawili waliokuwa hai wakaukamilisha. Katika mambo mawili walitimiza adabu: jina la mtunzi halikufichwa, na namna ya kazi ilielezwa hadharani. Katika la tatu walitereza, kwani sehemu aliyoiimba Lennon katika kaseti ile iliachwa nje. Hiyo si takhmisi, maana la kale limepunguzwa ili jipya likae vizuri.

Ikiwa mtu mashuhuri, mwenye mjane na mawakili wa kumtetea, aliweza kupunguziwa maneno yake, mama wa Berega atasalimika kwa lipi? Jina lake aghalabu halikuandikwa hata juu ya kaseti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazigusa sanaa za jadi, lakini sheria haiwezi kumlinda asiyejulikana kwamba yupo.

Kwa hiyo, kabla hajagusa kinanda, mtayarishaji na aende Berega. Awasikilizishe wazee utepe huo, na aulize mambo mawili: wimbo unaendeleaje, na je, unaruhusiwa kutoka nje ya uwanja wake? Huenda akampata aujuaye wote, na kazi ya kubuni ikawa haina haja tena. Huenda akaambiwa kwamba mishororo minne ndiyo wimbo mzima. Huenda pia akakatazwa, na katazo hilo analiheshimu. Akiruhusiwa kuongeza, basi utepe wa asili utolewe pamoja na kazi yake, bila kupunguzwa, ili msikilizaji akisikie kiungo. Asiyekubali masharti haya na atunge wimbo wake mwenyewe. Hakuna atakayemzuia.