Madirisha Yataangalia Wapi?



Ndugu wasomaji, juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia mama mmoja mjane, jirani wa msikiti wetu kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa na karatasi mkononi. Lilikuwa tangazo alilolibandua kwenye ukuta wa nyumba inayopakana na yake. Mwenye kiwanja anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kuwa makazi na biashara, ili ajenge ghorofa. Na mwenye pingamizi aliwasilishe halmashauri ndani ya muda uliotajwa. Muda huo ulikuwa umekwisha siku nne nyuma.

Mama hakulalamikia urefu wa jengo. Aliuliza swali moja tu: “Wanangu, madirisha yataangalia wapi?” Maana ua wake ndio jiko lake, ndiko anakofulia, na ndiko binti zake wanakokaa bila mtandio.

Tuliinamisha vichwa. Sisi wanakamati tulilipita tangazo lile mara tano kwa siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisoma.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri ya jiji, manispaa au mji ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kiwanja kilichopangwa kuwa cha makazi hakigeuki kuwa cha maduka kwa matakwa ya mwenye hati peke yake. Ni lazima mamlaka hiyo iridhie. Maofisa mipango miji huyapitia maombi, na madiwani tuliowachagua wenyewe wana nafasi yao katika maamuzi ya halmashauri. Lakini wajumbe hao hawawezi kulijua dukuduku la jirani aliyenyamaza. Kibali kikishatoka na nguzo zikasimama, malalamiko yetu hubaki kuwa mazungumzo ya barazani.

Tena jambo hili si la madirisha tu. Dar es Salaam haijaisahau Ijumaa ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Miongoni mwa waliofikwa na msiba huo walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza karibu na msikiti wa jirani. Ujenzi wa mmoja unaweza kuwa msiba wa mtaa mzima.

Wanazuoni wetu walilitambua hilo zamani. Katika karne ya 8 Hijria, mwashi wa Tunis aitwaye Ibn al-Rami, aliyekuwa akitegemewa na makadhi katika migogoro ya majengo, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za ujenzi. Humo amejadili moshi, harufu mbaya na kelele zinazomfikia jirani, pamoja na dirisha linalofichua ua wa mwenzio. Swali la mama yetu, basi, si geni katika fiqhi.

Hatusemi ghorofa zisijengwe. Mji unakua, vijana wetu wanahitaji vyumba vya kupanga karibu na kazi zao, na mwenye mali ana haki ya kunufaika nayo. Tunachosema ni kwamba haki hiyo inakomea pale madhara kwa jirani yanapoanzia, na mpaka huo hujadiliwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Tulimsindikiza mama hadi ofisi ya serikali ya mtaa, kisha halmashauri. Barua yake, ingawa imechelewa, imepokelewa na nakala yake imegongwa muhuri. Mwenye kiwanja, ambaye huswali nasi Ijumaa, naye amekubali tuketi pamoja na mchoraji wake.

Liko jingine, nalo ni zito kwetu kulisema. Tuliporejea, tulikunjua ramani ya jengo la wakfu tunalolichangishia kila Ijumaa. Madirisha manne ya ghorofa ya kwanza yalielekea ua uleule wa mama yule, kutoka upande wa pili. Ramani hiyo tuliipitisha sisi wenyewe, kwa takbira. Kamati imemwagiza mchoraji ayahamishie upande wa barabarani, nasi tumemwendea mama kumtaka radhi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mkiona tangazo limebandikwa ukutani, simameni mlisome, kisha mmsomee asiyeona vizuri. Angalieni tarehe ya mwisho, andikeni hoja zenu kwa adabu, na mwombe nakala yenye muhuri. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, hudhurieni, akina mama hali kadhalika, kwani wao ndio waujuao ua. Nawe unayetaka kujenga, kabla hujakwenda halmashauri, bisha hodi kwa jirani yako.

Wabillahi tawfiq.