AKIBA HAIOZI, NA PLASTIKI PIA HAIOZI

Wahenga walisema akiba haiozi. Nakubali mia kwa mia. Lakini wahenga hao hawakuijua plastiki, ambayo nayo haiozi ng'o! Ndiyo sababu nimeshika kalamu niseme neno juu ya uvuvi wa mshipi, na hasa juu ya vile vyambo vya plastiki laini vyenye umbo la nyungunyungu. Je, vikichanika tuvitupe au tuviyeyushe upya?

Kwa wasiovijua, nitaeleza kidogo. Ziwa Naivasha, lililo kama kilomita 90 kutoka hapa Upper Hill, lina samaki aina ya besi ambao waliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920. Huyu ni samaki mwindaji. Mojawapo ya vyakula vyake ni kamba wekundu wa maji baridi, ambao nao ni wageni, waliletwa mwaka wa 1970. Basi mvuvi humdanganya kwa chambo bandia kinachotikisika majini kama nyungunyungu au kamba. Ufundi huu si wa viwanda vikubwa tu. Mwaka wa 1949, fundi mmoja wa mji wa Akron, Marekani, aitwaye Nick Creme, alivianzisha vyambo hivi jikoni mwake.

Plastiki yenyewe ni unga wa PVC uliochanganywa na mafuta ya kuulainisha. Ikiwa baridi ni majimaji meupe kama maziwa. Ukiipasha moto inakuwa nzito kama uji, halafu inayeyuka na kung'aa. Hapo unaimimina kwenye kalibu, hata ya plasta kama ile wanayofungia mifupa pale Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ikipoa, chambo tayari! Na uzuri wake ni kwamba kikichanika kwa meno ya samaki, unakiyeyusha na kukimimina tena.

Kwa maoni yangu, tukiyeyushe. Chambo kilichotupwa ziwani hakiozi, na samaki akikimeza kinaweza kumkwama tumboni. Isitoshe, sisi Wakenya ni watu wa kutumia kitu mpaka kiishe. Gurudumu likizeeka linakuwa akala. Alumini kuukuu inakuwa sufuria mikononi mwa mafundi wa jua kali. Kwa nini chambo kiwe cha kutupwa?

Lakini hapa ndipo wenzangu tunapotofautiana. Wapo wanaosema, "Kwani si ni plastiki tu? Weka kwa jiko, ikiyeyuka umwage." Wengine ati wangetaka kuchanganya ndani ndala kuukuu na maganda ya nyaya za umeme, bora tu kitu kiyeyuke. La hasha! Huo si ubanifu wa matumizi, huo ni ununuzi wa maradhi.

Sikilizeni sababu. Plastiki hii huyeyuka vizuri baina ya digrii 160 na 180 za Selsiasi. Ikikaribia 200 inaanza kuungua na kutoa moshi, na ndani ya moshi huo mna gesi ya haidrojeni kloridi. Waliosikiliza somo la Kemia wanajua gesi hiyo ikikutana na maji inakuwa asidi. Na je, macho, koo na mapafu yetu si yana maji? Jiko la makaa halina kipimo cha joto, na chumbani kulikofungwa linaongeza sumu yake lenyewe, ile kaboni monoksaidi isiyo na harufu.

Tena, tone moja la maji likiingia katika plastiki ya moto hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni mwako. Plastiki hiyo hunata kwenye ngozi, haipukutiki kama maji. Ndiyo maana kalibu ya plasta sharti ikauke kabisa.

Kuhusu ndala na nyaya, plastiki si moja. Ndala nyingi ni povu la aina nyingine kabisa, na maganda ya nyaya yanaweza kuwa na risasi, madini ya sumu. Tazameni jahazi la Flipflopi lililozinduliwa Lamu mwaka wa 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka wa 2019. Mbao zake zilitokana na plastiki iliyoyeyushwa, ilhali maelfu ya ndala yalitumiwa kulifunika ubavuni. Kila plastiki ilipewa kazi yake.

Basi nipendekeze. Kwanza, mwenye vyambo vilivyochanika avikusanye, asivitupe majini. Avitenge kwa rangi, na vya aina isiyojulikana avitoe kando. Pili, kazi ifanywe nje penye hewa, mbele ya mwalimu wa Kemia, kwa kipimajoto, glavu na miwani, na kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni kupikiwa ugali. Tatu, moto uwe wa polepole. Haraka haraka haina baraka. Nne, tukumbuke kila kuyeyusha kunapunguza mafuta na kuigeuza plastiki kuwa ya hudhurungi na ngumu, kwa hiyo mafuta ya kulainisha yaongezwe kidogo. Ikishachakaa kabisa, iache. Kitu kina mwisho wake.

Najua wengine watasema nimekuwa mwoga. Sawa, semeni. Chambo kipya kinanunuliwa dukani, lakini pafu, bwana, haliuzwi Gikomba. Tubane matumizi ya pesa, tusije tukabana na pumzi zetu. Asiyekubaliana nami aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.