Samaki wa Daraja Mbili na Petroli ya Ziwani



Kisii na Nyamira hazina ufuo, wala hapana nahodha atiaye nanga Keroka. Hata hivyo, kina mama wanaouza ngege na omena katika soko la Daraja Mbili wanaijua bei ya petroli kama waijuavyo bei ya mafuta ya kupikia. Samaki wao hutoka Ziwa Victoria, na mashua nyingi za huko husukumwa na mashine za petroli, aghalabu za nguvu za farasi 15. Petroli ikipanda, fungu la samaki hupungua. Tena wako wachuuzi wanaomtangulizia mvuvi fedha za mafuta kabla hajatweka nyavu zake. Basi kuigeuza mashine ya petroli iwe ya umeme si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la mtaji wa nyumba.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Fundi huiondoa injini ya petroli na tangi lake, akaubakiza mguu wenye ekseli, gia na rafadha. Juu ya mguu huo hufunga mota ya umeme na kidhibiti chake, kisha huunganisha betri, fyuzi na swichi ya kuzimia wakati wa dharura. Moshi na plagi husahaulika. Oili ya gia hubaki na haja ya kutazamwa.

Ugumu umo katika betri. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya takriban kilowati-saa 9, lakini injini hupoteza sehemu kubwa kwa joto, na zinazofika kwenye rafadha ni kama 1.5 hadi 2. Kwa hiyo mashua inayotumia lita 5 kwa safari huhitaji betri ya kilowati-saa 8 hadi 10, mbali na akiba ya kurudia pwani upepo ukibadilika. Betri ya lithiamu ya kiasi hicho huweza kufikia kilo 60 hadi 80. Za risasi, zile za magari, zitakuwa nzito mara nne au zaidi, na mzigo huo utakula nafasi ya samaki.

Iko faraja moja: mwendo. Nguvu inayohitajika hupanda upesi kuliko kasi. Mashua ikipunguza mwendo kwa nusu, mara nyingi hutosheka na sehemu ndogo tu ya nguvu ya awali. Mvuvi wa karibu asiye na haraka hufaidika. Anayevuka ziwa kwenda visiwa vya mbali aendelee na petroli kwa sasa.

Kwa kuwa betri ndiyo inayomeza fedha, upande wa Kenya wa ziwa kampuni ya Asobo ilichagua kuwakodishia wavuvi mota za umeme na betri badala ya kuwauzia. Hapo mvuvi hulipia matumizi, na mzigo wa betri kuchakaa haumwelemei yeye. Na umeme wa kuchajia hauko mbali: mto Sondu, unaopokea maji ya Nyamira, huendesha mitambo ya Sondu-Miriu yenye megawati 60 kabla ya kumwaga maji ziwani.

Dada yangu, ukiombwa kuchangia mashine ya namna hii, usianze kwa kuuliza bei ya mota. Uliza safari moja hutumia lita ngapi. Betri itachajiwa wapi na kwa shilingi ngapi. Imehakikishiwa miaka mingapi, na nani ataitengeneza. Uliza pia kama imefungwa chini, katikati ya chombo, mahali pasipoingia maji. Andika majibu, kisha linganisha na fedha za petroli za miezi mitatu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.