Kizuri Hakijiuzi

Miaka mitatu iliyopita tulipiga filamu nyumbani kwa mama mmoja pale Tandale. Siku tisa sebule yake ilikuwa yetu, na wajukuu wake wakalala kwa jirani. Filamu ikaenda matamasha mawili ya nje, ikapigiwa makofi. Mama mwenyewe hajaiona. Kila nikikutana naye ananiuliza, "Mwanangu, ile picha yetu inatoka lini?" Namjibu, "Karibuni, mama." Naongopa.

Simlaumu mtu mwingine. Bajeti yetu ilikuwa na fungu la lenzi, la posho, hata la maua ya kuweka kwenye kaburi la uongo. La kumfikia mtazamaji: sifuri. Tulijificha nyuma ya methali, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imetuponza. Kizuri hujiuza kikiwa sokoni, si kabatini.

Wenzangu husema watu wetu hawataki tamthilia nzito, wanataka ngumi. Kejeli hiyo siipokei. Watu hao hao wamelipa kiingilio kwenye vibanda umiza kutazama filamu za lugha wasizozijua, kwa sababu Lufufu aliwasimulia kwa Kiswahili. Yeye alianza na aliyekaa kwenye benchi. Sisi tunaanza na jopo la majaji wa ng'ambo.

Mwaka 2018, mahakama ya Nairobi iliposimamisha kwa siku 7 marufuku dhidi ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, watu walijaa kumbini. Utasema marufuku ndiyo iliyoitangaza. Sawa. Maana yake watu walijua ipo, wakajua inaonyeshwa wapi na mwisho lini. Je, yako nani anajua ipo?

"Ukiipeleka kibandani itaibiwa." Huenda. Yangu iko salama kabisa ndani ya diski. Haiibiwi kwa sababu hakuna anayeitaka, na hakuna anayeitaka kwa sababu sijamwambia mtu.

Silidharau tamasha. Ni mlango mzuri, ila sisi tumeufanya nyumba. Ninachodai ni hiki: kabla ya kukodi kamera, andika nani ataitazama filamu, atakaa wapi, siku gani, atalipa shilingi ngapi na utampataje. Tenga fedha za kazi hiyo, na zisiguswe hata mvua ikiharibu siku mbili za kupiga picha. Ukishindwa kujibu, muswada haujaisha.

Kumpiga mtu picha na nyumba yake, kisha kwenda kumwonyesha kwa wageni tu, si sanaa huru. Ni kuchukua.

Jumamosi hii nimekodi kibanda, mtaa wa pili kutoka kwa mama. Nimekubaliana na mwenye kibanda tugawane mapato ya mlangoni nusu kwa nusu. Kiingilio shilingi 500. Mama na wajukuu hawalipi, watakaa benchi la mbele. Akiniambia ni mbaya, angalau atakuwa ameiona.